Dirisha Kuukuu: Kusoma Dalili Kabla ya Kushika Msasa

Dirisha likikwama, mkono hukimbilia nyundo. Rangi ikibanduka, mkono hukimbilia msasa. Kwa dirisha lililowekwa mwaka juzi hakuna ubaya mkubwa. Lakini dirisha la mbao lililokwisha kupakwa rangi mara nane au kumi ni jambo jingine: tabaka za chini huenda zina risasi (madini mazito yenye sumu), puti inayoshika kioo huenda ina asbesto (nyuzi za madini zinazodhuru mapafu), na vyote viwili hukaa kimya mpaka uvisage viwe vumbi. Ndiyo maana hapa tunaanza na dalili. Ukijua dirisha linaumwa nini, mara nyingi utakuta kazi inayohitajika ni ndogo kuliko ulivyodhani, na kazi ndogo hutoa vumbi kidogo.

Kwanza, je, kuna risasi?

Risasi iliwekwa kwenye rangi kwa sababu ilisaidia kweli: rangi ilikauka haraka, ilifunika vizuri na ilistahimili mvua. Kwa hiyo ilipendwa hasa kwa milango na madirisha. Madhara yake nayo hayakuwa siri. Ufaransa ilipitisha sheria dhidi ya risasi nyeupe, unga wa risasi uliotiwa kwenye rangi, katika upakaji rangi mwaka 1909, na mwaka 1921 Shirika la Kazi Duniani lilipitisha mkataba wa kuidhibiti ndani ya majengo. Marekani ilingoja mpaka 1978 kuipiga marufuku katika rangi za nyumba. Nchi nyingine zimechelewa zaidi, kwa hiyo umri wa nyumba hukupa shaka tu, haukupi jibu.

Jibu la uhakika hutoka maabara. Kata kipande kidogo cha rangi kwa kisu chenye makali, kikiwa na tabaka zote hadi kwenye mbao, kitie katika mfuko wa plastiki na ukipeleke. Kuna pia wakaguzi wenye kifaa cha mionzi kinachosoma risasi bila kuchubua chochote.

Vipimo vya kupaka na kutazama vinavyouzwa madukani vinasaidia, ila vina tabia zake. Kimoja hugeuka cheusi kikikuta risasi, hivyo juu ya rangi iliyokolea huoni kitu. Kingine hugeuka chekundu, na rangi nyekundu ikichuja kidogo itakudanganya, ilhali vumbi la jasi linaweza kuificha risasi iliyopo. Kosa ninaloliona zaidi ni la mtu kupima rangi ya juu, aliyoipaka mwenyewe miaka mitatu iliyopita, kisha akashangilia. Chonga mkato wa mshazari unaoonyesha tabaka zote kama pete za mti, upime hapo. Kama huwezi kupima, ichukulie rangi hiyo kuwa na risasi na uendelee hivyo.

Nikisema "kazi ya maji"

Neno hili litajirudia, basi nilieleze mara moja. Ondoa mapazia, mazulia na vyombo. Tandaza nailoni nzito sakafuni, mita 2 kutoka dirishani kwa ndani na mita 3 kwa nje, na uibane kwa tepu pembeni. Ziba mlango kwa nailoni nyingine. Watoto, wajawazito na wanyama wa nyumbani wasiingie humo, hata kwa dakika moja. Lowesha eneo kwa chupa ya kupulizia yenye maji na matone ya sabuni, kwangua kwa skrepa ya mkono, lowesha tena. Ukihitaji msasa, tumia ule usioharibika kwa maji, na uutumie ukiwa umelowa.

Barakoa ya kitambaa haizuii vumbi hili, wala ile ya hospitali. Inatakiwa barakoa ya mpira inayokaza usoni, yenye vichujio vya daraja la P100 au P3. Ndevu huipitishia hewa pembeni, kwa hiyo chagua kimoja. Kifyonza vumbi kiwe na kichujio cha HEPA, kinachonasa asilimia 99.97 ya chembe zenye ukubwa wa mikroni 0.3. Kile cha kawaida cha nyumbani hunyonya vumbi zito mbele na kupuliza jepesi nyuma, na hilo jepesi ndilo linaloingia mapafuni.

Vitu vitatu havina nafasi hapa: grinda au mashine ya msasa isiyo na kifyonzi, moto wa wazi, na bomba la hewa moto lililowashwa hadi mwisho. Risasi huyeyuka kwenye nyuzi joto 327. Kanuni za Marekani zinakataza hewa moto inayozidi takriban nyuzi 593 kwa rangi ya risasi, na mimi ningekaa mbali sana na kiwango hicho. Rangi ikianza kutoa moshi, umeshapitiliza.

Dalili: vumbi linarudi kizingitini kila baada ya siku chache

Naanza na hii kwa sababu wengi hawaihesabu kuwa tatizo la dirisha. Unafuta kizingiti Jumatatu, Alhamisi kuna unga mweupe na vipande vidogo kama chembe za chumvi. Lawama huangukia barabara au upepo.

Fungua dirisha uangalie kingo zake. Mahali ambapo sehemu inayofunguka inasuguana na mwimo, rangi imeng'aa au imelika hadi kwenye mbao. Kila ukifungua na kufunga, dirisha linajipiga msasa lenyewe. Unga huo hujikusanya katika mfereji wa chini, na hapo ndipo mtoto mdogo husimama, hushika, kisha hutia vidole mdomoni. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama. Vipande vya rangi hiyo vina utamu kidogo, jambo linalozidisha balaa.

Kupaka rangi mpya juu ya sehemu zinazosuguana hakuponyi chochote. Inaongeza unene, msuguano unazidi, na baada ya miezi kadhaa unga umerudi. Dawa ni kuondoa rangi yote katika kingo hizo tu, kwa kazi ya maji, mpaka dirisha litembee likiwa na nafasi ya milimita 2 hivi kila upande. Kisha paka mafuta ya kitani au praima (rangi ya kwanza ya kushikisha) nyembamba, na uziache kingo hizo bila rangi nzito. Mfereji wa chini ukwanguliwe na kupakwa rangi laini inayofutika kwa urahisi. Sehemu nyingine za fremu, kama rangi imeshikamana vizuri, ziache. Rangi ya risasi iliyo nzima, isiyosuguliwa wala kutafunwa, haihitaji kuvuliwa kwa ajili ya usalama. Najua kuna wapenda mbao watakaokereka kusoma hivyo.

Wakati ukisubiri kazi ifanyike, futa kizingiti na mfereji kwa kitambaa chenye maji na sabuni, kisha kingine chenye maji safi, na utupe vyote viwili. Ufagio mkavu usiuguse.

Dalili: dirisha limegoma kufunguka

Tafuta sababu kwa mpangilio huu. Je, kuna msumari au skrubu? Wapangaji wa zamani walipenda kupigilia madirisha kwa kuogopa wezi, na vichwa vya misumari hujificha chini ya rangi. Je, ni msimu wa mvua tu? Basi mbao imevimba. Kama lilianza kugoma baada ya kupakwa rangi, rangi imeligundisha.

Kwa rangi, lowesha mshono mzima, pitisha kisu chembamba taratibu pande zote, ndani na nje, kisha ingiza kisu cha puti na ukizungushe kidogo kidogo. Ukigonga, gonga kwa kiganja au kwa nyundo juu ya kipande cha mbao laini. Pigo kali hupasua kioo na hurusha vipande vya rangi chumba kizima.

Mbao iliyovimba usiipige randa siku hiyohiyo. Ngoja ikauke. Dirisha lililopigwa randa likiwa limevimba, kiangazi hulegea na kupiga kelele kila upepo ukivuma.

Dalili: rangi imepasuka kama ngozi ya mamba, au inaacha unga mkononi

Mipasuko ya vipande vya mraba ina maana rangi imekuwa nene na ngumu, haiwezi tena kutanuka na kusinyaa pamoja na mbao. Unga unaobaki kiganjani ni rangi iliyoliwa na jua. Rangi za risasi hufanya hivyo, lakini hata zisizo na risasi hufanya, kwa hiyo dalili hii haithibitishi kitu.

Kama mipasuko iko juu juu na kingo hazijainuka, osha, lainisha kwa msasa wa maji, tia praima ya mafuta, kisha rangi. Kama vipande vimeinuka, kwangua vile vinavyotoka kwa hiari yake na usilazimishe vilivyoshika. Ukitaka kufika hadi kwenye mbao, mvuke ni rafiki mzuri: hulainisha rangi na puti kwa pamoja, na kila kitu hutoka kikiwa kimelowa. Ubaya wake ni kwamba mbao inakunywa maji, basi iache ikauke kivulini siku kadhaa kabla ya kuipaka kitu.

Dalili: rangi mpya imebanduka kabla ya mwaka kuisha

Geuza kipande kilichobanduka uangalie mgongo wake. Kama mgongo una unga, ulipaka juu ya rangi iliyooza kwa jua bila kuiosha. Kama mgongo ni laini na unang'aa, uliweka rangi ya maji juu ya rangi ya mafuta bila kuikwaruza wala kutia praima. Kama kimetoka na tabaka zote mpaka mbao inaonekana, tatizo ni maji yanayotokea nyuma: puti iliyopasuka, ufa ukutani, au mvuke wa chumba usio na pa kutokea. Hali hii ya mwisho ndiyo ya hatari, maana tabaka za chini zenye risasi sasa zimefika juu. Rekebisha njia ya maji kwanza, la sivyo utakwangua dirisha hilo hilo mwaka ujao.

Dalili: puti imepasuka na inadondoka

Puti ya kale ni unga wa chokaa uliokandwa kwa mafuta ya kitani. Ikipoteza mafuta hukauka, hupasuka, maji hupenya, na kona ya chini ya fremu huanza kuoza. Sababu kubwa mbili ni hizi: haikupakwa rangi kwa miaka mingi, au iliwekwa juu ya mbao kavu isiyotiwa praima, na mbao ikanyonya mafuta yake yote.

Sasa tahadhari. Puti na mastiki za katikati ya karne iliyopita, hasa kwenye madirisha ya chuma, wakati mwingine zilichanganywa na asbesto ili zisipasuke. Jicho halitambui, na kuipondaponda ili uone nyuzi ndicho kitendo kibaya kuliko vyote. Peleka kipande kidogo kilicholoweshwa maabara, waitazame kwa hadubini. Mastiki laini inayofanana na mpira, ile inayoziba nafasi kati ya fremu na ukuta, ina shaka nyingine: kuanzia miaka ya 1950 hadi mwishoni mwa miaka ya 1970 baadhi yake zilitiwa PCB, kemikali zenye sumu, ili zibaki laini.

Majibu yakisema kuna asbesto, na puti bado ni nzima, chaguo zuri ni kuiacha, kujaza nyufa na kuipaka rangi. Nyuzi zilizoshikwa ndani ya puti haziruki zenyewe. Zinaruka ukizisaga. Kama puti imeshakuwa unga, au madirisha ni mengi, hiyo ni kazi ya mafundi wenye leseni ya asbesto. Magonjwa ya asbesto huchukua miongo kujitokeza, kwa hiyo fundi anayesema "nimefanya hivi miaka kumi na sijaumwa" hajathibitisha lolote.

Kama puti haina asbesto, itoe kwa kazi ya maji na kisu cha puti, bila patasi na nyundo. Pale ilipokuwa jiwe, tumia mvuke. Kisha fuata mpangilio huu: mafuta au praima kwenye mbao tupu, puti nyembamba ya kulalia kioo, kioo, vijimisumari vya kukishika, halafu puti ya mshazari ya nje. Ngoja ifanye ngozi, kwa kawaida wiki moja hadi tatu kulingana na hali ya hewa, ndipo upake rangi. Acha rangi ipite juu ya kioo milimita 2, kwani mstari huo mwembamba ndio unaozuia maji. Watu huukwangua kwa wembe ili dirisha lionekane nadhifu, kisha wanashangaa puti kutodumu.

Dalili: kioo kinapasuka kila ukijaribu kukitoa

Kijimisumari kimoja kimebaki, au joto limelenga mahali pamoja. Kioo cha zamani chenye mawimbi ni chembamba na hakipendi joto la ghafla. Pasha kwa mvuke fremu nzima, tafuta vijimisumari kwa ncha ya kisu, na uweke tepu ya msalaba juu ya kioo kabla ya kuanza. Mawimbi hayo, kwa njia, hayatokani na kioo kutiririka kwa uzee kama inavyosimuliwa. Kilitengenezwa hivyo.

Dalili: bisibisi inazama kwenye mbao

Gusa kona za chini na kizingiti kwa ncha ya bisibisi. Ikizama milimita chache, kausha, kwangua laini yote, na ujaze kwa epoksi ya mbao. Ikizama sentimita nzima, kata mpaka ufike kwenye mbao nzima na uunge kipande kipya cha mbao ya aina ileile, mishipa ikielekea upande mmoja. Usibadilishe fremu yote kwa sababu ya kona moja. Mbao za zamani mara nyingi zilitoka katika miti iliyokua polepole, na utapata shida kupata nyingine ya ubora huo.

Mbao yenye mafuta mafuta na harufu kali ya dawa huenda iliwekewa pentaklorofenoli dhidi ya mchwa na ukungu. Vaa glovu, kata nje, na vumbi la msumeno lisibaki chini.

Dalili: dirisha la kupanda na kushuka linaanguka lenyewe

Kamba imekatika. Ndani ya mwimo kuna visanduku virefu vyenye uzito unaoning'inia kwa kamba, mmoja kila upande. Kabla ya kufungua, weka kigingi chini ya sehemu inayotembea, kwa kuwa imewahi kuponda vidole vya watu wengi. Fyonza visanduku hivyo kwa HEPA kabla ya kutia mkono, maana vumbi na magamba ya rangi ya miaka yote yamejikusanya humo.

Uzito wa kawaida ni wa chuma. Ukiona ni mzito kuliko umbo lake, wa kijivu laini na unakwaruzika kwa ukucha, ni risasi tupu. Unaweza kuurudisha ulivyo, ila usiutie tupa, usiuyeyushe, na unawe mikono baada ya kuushika. Ukibadilisha kioo kwa kizito zaidi, uzito nao lazima uongezwe. Sehemu ya juu hupewa uzito unaoizidi kidogo ili ibaki juu, ya chini hupewa pungufu kidogo ili ikae imefungwa.

Dalili: chini ya kutu ya dirisha la chuma kuna rangi ya machungwa

Hiyo yaelekea ni risasi nyekundu, praima ya chuma iliyotumika kwa vizazi. Asilimia kubwa ya praima hiyo ni risasi yenyewe, hivyo usipitishe brashi ya waya ya umeme hapo. Lowesha, kwangua kutu inayotoka, tia dawa ya kugeuza kutu kwenye vidoti vilivyobaki, kisha praima ya kisasa ya chuma. Fremu iliyofura mpaka kioo kimepasuka inahitaji karakana yenye vifaa vya kunasa vumbi.

Dalili: wewe mwenyewe kichwa kinauma

Simama, toka nje. Kama ulikuwa unatumia dawa ya kuondoa rangi, soma kopo. Methilini kloridi huchemka kwenye nyuzi 40, hujaza chumba bila kuonekana, na mwili huigeuza kuwa kaboni monoksaidi. Imeua watu waliofanya kazi katika vyumba vilivyofungwa, na Marekani ilizuia kuiuza kwa umma kama dawa ya kuondoa rangi mwaka 2019. Ziko dawa za polepole zisizo nayo, chagua hizo.

Risasi haitoi onyo la haraka hivyo. Tumbo kusokota, choo kigumu, uchovu na hasira zisizo na sababu huja baada ya muda, na mtoto anaweza asionyeshe kitu kabisa. Kama vumbi limeshatimka nyumbani, kipimo cha damu ndicho kinachosema kweli.

Kazi ikiisha

Nailoni ikunjwe kwa ndani, vumbi likiwa katikati, ifungwe ndani ya mfuko mzito. Fyonza kutoka juu kwenda chini na kutoka mbali kuja mlangoni, futa kwa maji ya sabuni, suuza kwa maji safi, acha pakauke, fyonza tena. Nguo za kazi zivuliwe palepale na zifuliwe peke yake. Mbao zilizotolewa zisiwe kuni: risasi haiungui ikaisha, hubaki katika majivu na moshi. Uliza halmashauri yako taka za aina hiyo hupelekwa wapi.

Na matambara yaliyofuta mafuta ya kitani yasirundikwe pembeni. Mafuta hayo yakikauka hutoa joto, na rundo lililokunjwa linaweza kuwaka lenyewe usiku bila kiberiti. Yatandaze moja moja nje juu ya saruji mpaka yakauke kabisa, au yaloweke ndani ya kopo la chuma lenye maji na mfuniko.